Kibanio Kwenye Ratiba

Ratiba ya usafi ilibandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa kipande cha katoni kilichoandikwa kwa wino mzito, siku saba kutoka juu hadi chini, na pembeni mwake palibanwa kibanio cha nguo cha mbao. Kila jioni, kazi ya siku ikiisha, mwenye nyumba alikishusha mstari mmoja. Asubuhi alifanya kile kibanio kilichoonyesha. Kalenda hakuwa nayo.

Majirani walimwita Mama Ratiba, na jina hilo halikumuudhi. Alikuwa amefanya usafi hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja, kumi ya mwisho akiwa msimamizi wa wafanya usafi wote, na alipostaafu alihamishia wodi nyumbani. Matambara yake yalikwenda kwa rangi: ya bluu ya vyumbani, ya kijani ya jikoni, ya njano ya kusuuzia choo, meupe ya kazi ya klorini. Tambara la njano halikupata kuingia jikoni hata siku moja. "Undugu huo siutaki," alisema.

Sehemu ya ratiba aliyoichunga kuliko zote ilikuwa ya mwisho wa wiki. Maji ya mtaa ule yaliacha ukoko wa njano ndani ya choo ambao brashi haikuuweza. Kwa hiyo Alhamisi jioni alimwaga asidi ndani ya sinki la choo, akafunga kifuniko, na kuiacha ilale humo. Hadi isuuzwe, yeye na mumewe walitumia choo cha uani, jambo ambalo mume alililalamikia kila wiki kana kwamba ni jipya. Ijumaa asubuhi alisuuza kwa ndoo tatu za maji, mlango ukiwa wazi. Jumamosi ndipo ilipokuja klorini, kwenye choo, sakafu na kuta.

Kati ya asidi na klorini, basi, ilisimama Ijumaa. "Hizi mbili hazikutanishwi," aliwaambia wafanyakazi wapya enzi za hospitali. "Zikikutana zinatoa hewa inayochoma mapafu. Na kama mlango umefungwa, kuupata si rahisi."

Bafu la nyumbani kwake halikuwa na dirisha. Lilikuwa na matundu ya hewa juu ya ukuta, na hayo aliyaziba kwa nailoni na gundi mwaka ule seremala alipofungua karakana nyuma ya nyumba, maana vumbi la mbao lilikuwa likishuka kwenye vigae alivyotoka kuvisugua. Siku ya klorini alifunga mlango na kukunja gunia chini yake kwa ndani, ili harufu isimfikie mumewe kifuani.

Mume alikuwa dereva wa malori mstaafu. Alikaa sebuleni kwenye kiti kimoja, na dekio likifika hapo alisikia amri.

"Miguu!"

"Dereva kainua. Pita."

"Ungekuwa dereva wa maana ungeshuka kabisa."

"Nishuke niende wapi, na nje nako umefagia?"

Waliishi hivyo miaka mingi. Mwezi wa tatu, mume aliona mkewe akiosha madirisha Jumanne, kisha akayaosha tena Jumatano. Alikwenda jikoni akatazama. Kibanio kilikuwa bado kwenye Jumanne. Wiki iliyofuata Jumatatu ilifanyika mara mbili, na Alhamisi haikufanyika kabisa. Kisha sufuria ikasahauliwa jikoni hadi kitako kikatoboka, na aliyeukuta moshi alikuwa binti yao, fundi cherehani anayeishi mtaa wa pili.

Binti alimvuta baba yake kibarazani.

"Baba, nikikuta jambo jingine kama hili, mama anahamia kwangu. Kuna msichana wa kazi pale. Yeye atakaa tu."

"Atakaa tu?"

"Si apumzike?"

"Mama yako ukimnyang'anya ufagio hapumziki. Anaisha."

"Basi aishie pasipo na moto, baba. Mimi nimeshasema."

Tangu jioni ile mume akaanza kazi ambayo haikuandikwa kwenye katoni. Mkewe akishapanda kitandani, alipita jikoni kama mtu wa kunywa maji, akakitazama kibanio. Kikiwa nyuma, alikisogeza mbele. Kikiwa mbele, alikirudisha. Miezi mitano nyumba ikawa safi kwa siku zake. Binti alikuja kila Jumapili, akapitisha kidole juu ya kabati, akakiangalia, akatabasamu.

"Naona mama ana nafuu."

"Si nilikwambia?" alisema mume.

Mama Ratiba mwenyewe alitembea akiwa amenyoosha shingo. "Bado nimo," alimwambia jirani wa mlango wa kulia, bila kuulizwa.

Mpango ule ulikuwa na kasoro moja. Ulitegemea asahau.

Alhamisi moja mwezi wa nane alimwaga asidi kama kawaida, akafunga kifuniko, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akalala mapema kwa sababu kichwa kilimgonga. Mume alipita jikoni. Kibanio kilikuwa kwenye Alhamisi. Akakishusha hadi Ijumaa, akaenda kukaa kibarazani na redio yake.

Kitandani, mkewe akakumbuka. Aliamka, akatembea peku hadi jikoni, akapapasa nyuma ya mlango bila kuwasha taa, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na kukishusha kibanio mstari mmoja. Akarudi kulala. Hakumwambia mumewe. Siku hizi hakupenda kutaja kitu ambacho nusura akisahau.

Kibanio kikalala kwenye Jumamosi.

Asubuhi mume alijiandaa kwenda kwa kinyozi, safari yake ya kila Ijumaa. Alipopita karibu na bafu aliona ndoo, na ukingoni mwake matambara mawili meupe. Aliyaona kama mtu anavyoona kitasa cha mlango wake.

"Unarudi saa ngapi?" mkewe aliuliza toka jikoni.

"Nikishanyolewa."

"Usiniingilie na viatu. Nitakuwa nimeshadeki."

Kinyozi alimkalisha, akakung'uta shuka jeusi, akamfunga shingoni.

"Mzee, leo mama kakuachia mapema."

"Leo anasuuza choo. Siku ya kusuuza hataki mtu."

"Kwako kuna sheria kuliko mahakamani."

"Mahakamani unaweza kukata rufaa," alisema mume, na waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

Kinyozi alinyoa shavu la kushoto. Alipomaliza alichukua kitambaa kidogo kufuta povu, na mume akakishika kabla hakijamgusa.

"Hiki kitambaa."

"Kisafi hicho, mzee. Usinivunjie soko mbele ya wateja."

"Cheupe."

"Sasa ulitaka cha rangi gani?"

"Cha njano," alisema mume. "Leo ilikuwa awe na la njano." Akainuka na shuka shingoni.

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Alianza kwa kutembea, akiwaza kwamba huenda ameona vibaya, kwamba macho ya asubuhi hayaaminiki. Alipofika kwenye karakana alikuwa akikimbia kwa goti bovu, povu likimkauka shavu la kulia, na seremala akaacha randa yake juu ya ubao kumtazama.

Sebule ilikuwa imedekiwa, sakafu bado mbichi. Aliikanyaga na viatu. Harufu ilimfikia katikati ya chumba, kali, ikamjaza machozi. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa.

"Mke wangu!"

Alisikia kukohoa, chini, karibu kabisa na sakafu.

Aliusukuma mlango ukakataa. Mkewe alikuwa ameuegemea kwa ndani, mkono mmoja ukiwa umeshika ncha ya gunia alilokuwa akijaribu kulivuta. Seremala aliyemfuata alisukuma kwa bega. Mume alijifunika pua kwa shuka la kinyozi, akamshika mkewe kwapani, akamburuta hadi kibarazani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mdomoni mwake ulitoka mluzi tu wa pumzi inayotafuta njia.

Hospitali waliyompeleka ni ileile aliyoifanyia kazi. Walimvisha barakoa ya oksijeni, na kesho yake mchana ndipo alipoweza kusema sentensi fupi. Binti alisimama upande mmoja wa kitanda, mume upande wa pili, akiwa bado na ndevu shavu moja.

"Mama," alisema binti, "umepoteza siku. Ijumaa umeifanya Jumamosi."

Mama Ratiba alisogeza barakoa. "Sikusahau. Niliamka nikakishusha. Sakafu ilikuwa baridi miguuni. Nakumbuka."

"Sawa, mama."

Ilikuwa ile sawa wanayopewa watoto na wagonjwa. Mume aliisikia. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

"Anasema kweli," alisema. "Alikishusha. Na mimi nilikuwa nimeshakishusha."

Binti alimgeukia. Mkewe hakugeuka.

"Kwa nini ukishushe wewe?" aliuliza mkewe.

"Nilidhani umesahau."

"Umeanza lini kudhani?"

"Mwezi wa tatu."

"Mara ngapi?"

"Mara kadhaa."

"Mara ngapi, mzee?"

"Wiki nyingine, kila siku."

Alirudisha barakoa usoni mwenyewe. Kwa muda mrefu macho yake yalikuwa juu darini, yakienda taratibu kutoka kona hadi kona, kama mtu anayerudi katika vyumba alivyodhani amevimaliza na kukuta vyote vimefanywa na mwingine. Binti alichukua funguo za nyumba mezani, akazitia kwenye mkoba wake. Mume alizisikia zikigongana humo ndani, wala hakuzidai.

Mfanya usafi aliingia na ndoo, akaanza kudeki chini ya vitanda. Mama Ratiba alimpungia mkono asogee.

"Mwanangu. Leo siku gani?"

Mume alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Mkewe hakumtazama.

"Jumamosi, bibi," alisema mfanya usafi.

Mama Ratiba alitikisa kichwa kuafiki. Alingoja hadi mfanya usafi akatoka na mlango ukajifunga. Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, akasogeza barakoa, na kumuuliza swali lilelile.