Mboni Wangu Alijaa Kwenye Kioo

Mchana mweupe, kijijini kwetu Picha ya Ndege, mwaka 1984, nilimwona mwanangu aliyekufa amesimama kwenye shamba la mihogo.

Hakuwa mmoja. Walikuwa wengi, wamebanana, wote Mboni.

Sufuria ya uji ikanidondoka mkononi.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana najua mtasema bibi huyu kachanganyikiwa.

Mume wangu Gregori alikuwa fundi redio, kasomea Ulaya. Aliporudi alipenyeza kompyuta ndogo chini ya gunia la nguo, kwa sababu serikali ilikuwa imezipiga marufuku. Akaiunga kwenye televisheni ya magendo kutoka Unguja, akaanza kutunga mchezo.

Ulikuwa hivi: mtoto wa kike analinda mihogo. Ngedere wakija, anawatupia mawe. Nguruwe mwitu akimgonga, kaisha, anatokea mwingine kama yeye.

Mtoto huyo alimchora kwa kumtazama Mboni wetu. Mabutu mawili kichwani, na mguu anaouburuta kidogo.

Kabla ya masika, surua ikamchukua Mboni. Picha yake hatukuwa nayo hata moja.

Baba Mboni akahamia kwenye ile mashine. Hali, hasemi. Nguo za marehemu akakataa zisigawiwe, kwa hiyo matanga yakawa hayaishi.

Na mchezo wenyewe ulikuwa unaganda. Unacheza kidogo, unazidi kuwa mzito, mwisho kimyaa.

"Baba Mboni, kinachokwamisha nini?"

"Vitu, Mama Mboni. Jiwe likitoka nje ya kioo wewe hulioni, lakini mashine bado inalifuata, inahesabu lilipo. Ngedere aliyekufa pia. Lazima niiambie: huyu kaisha, achana naye, nafasi yake mpe mwingine."

Akaandika amri ya kufuta mawe. Akafuta na ngedere. Bado ukaganda.

Siku ile ya uji ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameiamuru mashine ionyeshe kwenye kioo cha televisheni kila kilichobaki ndani yake. Kumbe kila mtoto aliyegongwa na nguruwe alikuwa amefichwa tu, hakufutwa.

"Hawa ulisahau kuwafuta?"

"Sikusahau. Mkono unakataa."

Jamani, nililia. Nilimtaka mume wangu arudi, na wale watoto nao niliwataka.

Mama mkwe akaja kutoka Maneromango kumaliza matanga. Mwanamke mkali, hata shikamoo yangu aliiitikia kwa marahaba ya mkato. Aligawa nguo zote, kisha akasimama mbele ya kioo.

"Gregori, mizimu gani hii unaifuga ndani? Futa!"

"Bakisha mmoja tu, Baba Mboni," nikamwomba. "Wa kumtazama."

Akaandika mstari mmoja wa kuwafuta wote, akarekodi mchezo mpya kwenye kaseti juu ya ule wa zamani, usirudi tena.

Haukuganda tena. Shamba halikuwa na mtu, ngedere walikula mihogo hadi wakaimaliza. Gregori akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akaomba ugali, akala akashiba. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi yake Gregori akaniita.

"Tereza!"

Nikashtuka. Tangu nijifungue, nyumba ile nzima ilikuwa ikiniita Mama Mboni.

"Leo umeamua kuniita jina langu, Baba Mboni?"

Akanitazama kwa upole, kama mgeni aliyekosea mlango.

"Mboni nani?"

Nilidhani utani. Nikamtajia surua, nikamtajia mabutu. Nikamshika mkono hadi kaburini. Akasoma jina kwenye msalaba, akatikisa kichwa.

"Maskini. Mtoto wa nani huyu?"

Nikakaa chini palepale kwenye udongo: kumbe mstari ule ulikuwa umemfuta na kichwani mwake.

Basi mume wangu akapona, ndugu zangu. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio pale Maili Moja, akanawiri, majirani wakawa wanamsifu. Tumemzika mwaka jana, na jina lile hakulitaja tena. Miaka yote hiyo nimemlilia Mboni peke yangu, jikoni, mlango nimeufunga.

Ninachowaasa ni hiki. Mfiwa akipona ghafla, msikimbilie kufurahi. Kaeni naye, mwambieni awasimulie marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akikosa la kusema, msiondoke.

Mimi siku niliyofiwa na Mboni mara ya pili, watu walinipa hongera.