Ufunguo wa Kabati la Risasi

Mwenyekiti wetu alikuwa na kabati la chuma, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba. Ndani mlikuwa na makopo ya risasi, zile ndogondogo za bunduki ya upepo, walizotutumia wafadhili sisi walemavu tunaoshindana kulenga shabaha. Tulipoziomba alinijibu mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo: "Mama, hii ni ya mashindano. Mkimaliza hapa Obunga, huko ng'ambo mtapiga na nini?"

Basi tukafanya mazoezi na bunduki tupu, katika ukumbi wa kanisa, mlemle lilimokaa kabati. Mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, kwa hiyo nilileta mmoja mkavu nikamlaza juu ya mtutu. Unalenga, unatuliza pumzi, unafyatua. Omena akianguka, mkono umetikisika, rudia. Mwaka mzima nilikaa kwenye kiti changu cha magurudumu nikifyatua hewa, mpaka omena wangu akawa haanguki.

Tukaenda nchi ya watu, timu ya watu watatu. Wenzetu wa nchi kubwa walikuja na mafundi wa bunduki. Sisi tulikuja na mwenyekiti. Huko ndiko alikotugawia risasi. Nikalenga ya kwanza, nikafyatua kwa utulivu nisioujua, na mwamuzi akaniandikia sifuri. Sikuwa nimeweka risasi. Mkono ulifanya ulivyozoea. Zilizofuata zilikwenda katikati, lakini ile sifuri ndiyo iliyoninyima fainali, na nyuma yangu nilimsikia mwenyekiti akicheka na jirani yake. Nikaapa palepale kwamba hicho kicheko atakilipa.

Tuliporudi Kisumu akaandaa mapokezi ukumbini, watu wakajaa, mchungaji kiti cha mbele. Katika hotuba yake alisema nilisahau risasi kama mpishi aliyesahau chumvi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwomba awaonyeshe wageni shabaha inavyopigwa, nikamkabidhi bunduki yangu. Mpenda sifa hakatai. Akalenga, akafyatua. Mchungaji akaenda kuitazama karatasi, akarudi akisema haoni tundu.

Mwenyekiti akaikagua bunduki. "Hii haina risasi," akasema.

"Ufunguo iko kwako, Mwenyekiti," nikamwambia, kwa sauti ya sokoni. "Fungulia watu kabati waone."

Akasema ameuacha nyumbani. Mchungaji akanyoosha kidole kwenye ile kamba shingoni mwake. Kabati likafunguliwa, na makopo yalikuwa yamepangwa hadi juu, mengi hata utepe wake haujakatwa. Wenzangu wawili wakasogeza viti vyao mbele, wakajipakatia makopo bila kumwomba mtu ruhusa. Mkuki kwa nguruwe, bwana. Nilisikia raha, na mpaka leo sijatubu.

Akanigeukia kama anayetaka nimtetee. Nikatoa omena mkobani, nikamlaza juu ya mtutu aliokuwa bado ameushika.

"Sasa fanya mazoezi," nikamwambia.

Omena akaanguka kabla hajagusa kifyatulio.