Redio Iliyosikia Nusu

Fundi wa redio pale machimbo ya mawe alikuwa mrefu na mwembamba, na wenzake walimwita Antena. Wengine walisema ni kwa ajili ya urefu wake, wengine kwamba hakuna umbeya uliowahi kumpita. Kazi yake ilikuwa kutunza redio za upepo: moja ofisini getini, na moja katika kila lori.

Redio hizo hazikuwa mapambo. Barabara ya kutoka juu machimboni hadi getini ilikata ubavu wa mlima kwa kona kumi na moja, na malori mawili hayakuweza kupishana. Simu za mkononi huko hazikushika mtandao. Kila dereva alitangaza kona aliyofika, na mtu wa ofisini ndiye aliyemwambia shuka au subiri. Mtu huyo wa ofisini alikuwa shemeji yake Antena, mke wa kaka yake. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva mkongwe kuliko wote.

"Nyumbani anaongozwa, kazini anaongozwa," madereva walimtania. "Siku akikata kona kwa akili yake mwenyewe, tutamnunulia kofia."

Kaka alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Jumatatu moja shemeji alimwita Antena ofisini. "Shemeji, hii redio imepoa."

"Imepoa vipi?"

"Zamani nikiiwasha inachakacha kama mvua juu ya bati. Sasa inanong'ona. Na madereva nawasikia kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi."

Antena akavuta kiti. Kile kitufe cha kunyamazisha mchakacho alikirudisha hadi mwisho, asije akawa anadanganywa na kitufe. Akapandisha sauti yote. Kilichotoka kilikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Akabadilisha spika, hakuna tofauti. Akapanda juu ya paa kufuata waya wa antena, na hapo akakuta ganda la waya limepasuka na maji yameingia ndani. Alifurahi. Hakuna kinachomfurahisha fundi kama ubovu unaoonekana kwa macho. Akautoa waya wote, akaweka mpya, kisha akamwita dereva aliyekuwa juu machimboni.

Jibu lilikuja kwa mbali, ikabidi litegewe sikio: "Nakupata safi, kama uko kiti cha pembeni!"

"Umeona?" Antena alisema.

"Yeye ananisikia mimi," shemeji alijibu. "Mimi ndiye nisiyemsikia yeye. Bado, shemeji."

"Ni hali ya hewa. Mawingu haya yakiondoka itarudi."

Maneno hayo baadaye yalimkaa kooni. Kuna kipimo kimoja alichofundishwa tangu anaanza kazi: fungua waya wa antena, sikiliza. Mchakacho ukipungua, redio inasikiliza nje. Usipobadilika, uziwi uko ndani ya redio yenyewe. Hakichukui hata dakika. Siku ile hakukifanya, kwa sababu tayari alikuwa na ubovu wake mkononi na alikuwa ameridhika nao.

Jumatano anga lilikuwa jeupe na redio ilikuwa vilevile. Saa tatu asubuhi Antena alifika na mkoba wake, hana tena neno la mawingu. Akafungua waya wa antena. Mchakacho haukupungua hata kidogo. Akaurudisha, akaufungua tena. Vilevile.

"Shemeji, wiki iliyopita radi ilipiga karibu?"

"Ilipiga ule mti nyuma ya mzani wa malori. Vikombe viliruka hapa."

"Basi imepita na masikio ya redio. Nataka kuifungua, nipe saa moja."

"Hapana, usiizime. Kaka yako keshaanza kushuka, na amebeba mzigo. Akifika chini utaifungua hata siku nzima."

Alikuwa sahihi. Antena akafungua mfuniko tu, akaiacha inafanya kazi, akaanza kuchungulia ndani bila kugusa.

Ndipo spika ikatoa neno moja, "...breki..." Baada yake, pumzi ile ile.

Shemeji alibandika sikio kwenye spika. Akabonyeza kipaza sauti. "Rudia! Sikupati vizuri, rudia!"

Sauti ya mumewe ilikuja imekatikakatika. Mahali pa maneno palikuwa na matundu. Mwishoni likapita moja zima: "...mchanga..."

Wote wawili walijua mchanga ni nini. Kwenye kona ya nane kulikuwa na njia ya kando iliyojazwa mchanga laini, wenye kina cha kufika magotini, kwa ajili ya lori lililokatika breki. Unaliingiza humo, linazama na kusimama.

"Anasema anaingia mchangani," shemeji alisema. "Au ananiuliza aingie?"

"Yote sawa! Mwambie ndiyo," Antena akasema. "Mwambie ndiyo, aingie!"

"Ndiyo!" shemeji alipiga kelele. "Ndiyo! Mchanga, ndiyo!"

Antena alitoka mbio kuelekea karakana, ambako lori jingine lilikuwa limelala likisubiri matengenezo. Malori mengine yote yalikuwa mbali mjini kupeleka mawe, na lile ndilo pekee lililobaki na redio nzima. Alipanda, akageuza kitufe, kimya. Mekanika alikuwa ametoa betri asubuhi ile kwenda kuichaji. Antena akaruka chini, akaikumbatia betri kutoka pale ilipokuwa inachajiwa, akawa anarudi nayo anayumba kama mlevi. Hapo akasikia mlio kutoka mlimani. Haukuwa mkubwa, kama kokoto zinazomwagwa mahali. Juu ya kona ya nane vumbi likapanda taratibu.

Alisimama na betri yake mikononi. Kupitia dirisha la ofisi alisikia shemeji bado anaita: "Uko wapi? Nijibu basi. Uko wapi, baba?"

Walilikuta lori limejibana kwenye ukuta wa mwamba, hatua ishirini baada ya mlango wa ile njia ya kando. Mchanga ulikuwa umesawazishwa vizuri, hauna alama hata ya tairi moja. Kaka alikuwa hai, mguu wa kulia umebanwa chini ya usukani. Mpaka wanamtoa jua lilikuwa utosini. Hospitali waliukata mguu chini ya goti.

Siku ya tatu alianza kuongea. Shemeji alikuwa ametoka kwenda kufua, na Antena ndiye aliyekaa kando ya kitanda.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "mimi niliuliza trekta bado liko mchangani? Asubuhi wakati napanda nililiacha mle ndani linachimbuachimbua mchanga usigande, na yule mzee anayeliendesha amelikalia. Nikaambiwa ndiyo. Nikauliza tena, ndiyo. Ningemuua mzee wa watu. Nikachagua ukuta."

Antena alisogeza kiti karibu na kitanda. "Trekta lilikuwa limeshatoka."

"Najua, meneja kaniambia. Ila mke wangu usimwambie nilichouliza. Itamla."

"Kaka, mimi ndiye niliyemwambia aseme ndiyo."

Antena alisubiri atukanwe, na angeshukuru. Lakini kaka aligeuzia uso dirishani, akasema, "Nipe maji."

Jioni hiyo Antena aliichukua redio ya ofisini, akaifungua mezani nyumbani kwake. Penye mlango wa sauti zinazotoka kwenye antena palikuwa na vidude viwili vidogo kama punje za mchele, kazi yake kuzuia nguvu ya radi isiingie. Kimoja kilikuwa kimeungua, na sauti zote zilikuwa zinamezwa hapo. Alikilehemu kingine mahali pake. Ilimchukua dakika kumi. Alipoiwasha, mchakacho ulijaa chumba kizima mpaka mke wake akauliza kama mvua imeanza. Akaizima haraka.

Baada ya wiki mbili shemeji alirudi kazini. Antena alikuwa pale, akijifanya anakaza skurubu za mezani.

"Imepona," shemeji alisema akisikiliza.

"Imepona."

"Shemeji, wewe ulikuwepo. Mwenyewe nikimuuliza anasema hakumbuki. Alisema mchanga, nikamwambia ndiyo. Kwa nini hakuingia?"

"Labda usukani..."

"Usukani ulikuwa mzima. Mekanika kasema."

Antena aligeuza bisibisi mkononi. Alitafuta neno moja la kweli ambalo lingeweza kusimama peke yake bila kuvuta mengine nyuma yake. Hakulipata.

Spika ikalia, sauti safi kana kwamba dereva amesimama mlangoni: "Geti, niko kona ya kwanza. Nishuke?"

Shemeji akakamata kipaza sauti. "Rudia," akasema.

Dereva akarudia.

"Rudia tena, polepole."

Dereva akacheka, akarudia. Shemeji alikuwa ameinama na sikio lake limegusa spika, ingawa sauti ilisikika mpaka nje kwenye mzani. Antena alifunga mkoba wake, kisha akabaki amesimama, hajui kama aondoke au aendelee kukaa.