Gari la Baba Njia ya Kabambare

Sikia, ndugu yangu unayetaka gari la familia lililotumika kama langu. Halinywi mafuta mengi, viti vyake ni laini, na mvua ikinyesha hunuka sponji iliyolowa. Gari la baba lilinuka hivyo hivyo, siku mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa tukawa tunampeleka hospitali Kasongo. Kwenye njia ya Kabambare tumbo la gari lilikaa juu ya tope, magurudumu yakazunguka bure. Mwenye pikipiki akasimama.

"Papa, hii gari ni ya lami. Munipatie mama, nitamufikisha."

"Muke wangu haiko gunia ya muhogo," baba akajibu.

Tulikuwa bado tunasukuma mama alipokata roho kwenye kiti cha nyuma.

Njia ikiwa na tope, mpandishe mgonjwa pikipiki, mtu akae nyuma yake amshike kiuno.