Dobi Aliyefunzwa Kunywa Mursik

Joash Okumu alizaliwa na pua ya mbwa wa polisi na tumbo la bibi harusi. Mtu wa namna hiyo angefaa kupanga maua kanisani, lakini riziki haina macho. Ikamtupa kwenye chumba kimoja nyuma ya steji ya matatu mjini Eldoret, awe dobi. Mchana kutwa ni yeye na kwapa za wenzake. Kola za makarani, soksi za makanga, suti zilizohudhuria matanga na harusi za ukoo mzima bila kuonja maji. Hajawahi kumtukana mteja. Hana haja. Ukimletea nguo anaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa juzi, mdomo unapinda, pua inakunjamana, na wewe mwenyewe unajikuta unaomba msamaha. Kuna mwalimu aliyeuona uso huo mara mbili, akaenda kujinunulia beseni.

Kinyaa hicho alikitoa mtaa wa Langas alikokulia, baada ya babake kuhama kutoka Ugenya, kwa Wajaluo wa ziwani, kufuata kazi ya kiwanda. Ploti yao ilikuwa na choo kimoja, na choo chenyewe kilikuwa na tabia zake. Mtoto mwingine angezoea. Joash hakuzoea. Mpaka leo akinywa chai hotelini hushika kikombe kwa mkono wa kushoto, kwa hesabu kwamba upande huo midomo ya watu haijafika sana.

Chelangat ndiye mteja wa kwanza aliyeucheka uso ule. Alikuwa akifundisha watoto wa nasari, akaleta aproni iliyotapikiwa uji, na Joash alipopinda mdomo, naye akapinda wake vilevile mpaka wote wawili wakashindwa kujizuia. Mwaka haukuisha kabla hawajaanza kuongea mambo ya kuoana. Chelangat hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na nyanyake huko ng'ambo ya Litein, mama mzee ambaye boma zima humwita Gogo, na neno la Gogo ndilo lingeamua kama Joash atarudi na wazee wake kuongea mahari au ataambiwa asalimie watu wa kwao.

"Gogo hatakuuliza una pesa ngapi," Chelangat alimwambia kabla ya kutangulia nyumbani. "Atakupa mursik, halafu atakaa akuangalie uso. Kulikuwa na mwingine kabla yako, msee wa benki. Alikunja pua kidogo tu. Chai yake haikuletwa."

Pua ya Joash ikakunjamana papo hapo. Mursik aliijua. Ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yakae mpaka yachache na yawe ya kijivu, vipunje vyeusi vikielea. Kwa jicho la dobi, rangi ile haikuwa ngeni: ni maji ya kusuuzia suruali ya makanika. Jirani mmoja alimkaribisha kikombe Krismasi moja, na zulia la jirani halikupona.

Mwanamume haendi ukweni peke yake, na Kikalenjin cha Joash kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Ikabidi amwendee Felix. Hawa wawili walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, ingawa hakuna anayejua kwa nini. Felix, Mnandi wa Plateau, ni mwendesha boda boda mwenye jaketi moja ambalo Joash ameomba kulifua kwa miaka bila malipo, na kila mara anajibiwa kwamba likifuliwa litapoteza joto. Kucha zake zina grisi ya kutosha kulainisha lori. Alisikiliza shida ya rafiki yake akitafuta kitu kwenye jino kwa kijiti cha kiberiti, akakipata, akakiangalia, akakirudisha.

"Buda, tumbo ni akili tu," akasema. "Akili ikikubali, tumbo litaenda kushtaki wapi? Twende na pikipiki. Njiani tutakuwa tunasimama, unakunywa kidogo kidogo. Tukifika Litein utakuwa Mkalenjin wa kuzaliwa."

Basi asubuhi ya Jumamosi wakaondoka, mursik ya mamake Felix ikiwa kwenye chupa kubwa ya plastiki iliyowahi kuwa ya soda. Joash alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mpaka ukosi wake ungeweza kukata mkate. Mateso yakaanza kabla ya kuwasha injini. Helmeti ya abiria ilikuwa imevaliwa na nusu ya vichwa vya Eldoret, na kila kichwa kilikuwa kimeacha kumbukumbu: mafuta ya nywele, jasho, na kitu kama supu. Joash akaitandika ndani kwa gazeti, akavaa, akafunga macho kama mtu anayebatizwa.

Halafu barabara. Felix hupenda kutema mate akiendesha, na mate yakitemwa na mtu wa mbele kwenye upepo yana anwani moja tu. Kufikia Burnt Forest, Joash alikuwa ameshajifunza: Felix akigeuza kichwa kushoto, wewe lala kulia. Malori ya kwenda Nakuru yalikuwa yakiyumba kuwapisha, madereva wakidhani yule wa nyuma ana kifafa.

Timboroa waliingia ukungu ukiwa umekaa barabarani kama mwenye nyumba. Felix akanunua mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, akakata kipande, akala, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja kilichotoka kukaza mnyororo, akamimina mursik kwenye kifuniko. Joash akakitazama kifuniko. Kifuniko kikamtazama. Akatia mdomoni, na uso wake ukafanya mambo yote unayojua kufanya, kwa zamu. Mama wa mutura aliacha kukata akamuuliza Felix kama huyo kijana amekunywa dawa ya mifugo.

Akameza, lakini. Hilo Felix alilihesabu kuwa maendeleo.

Wakashuka hadi Makutano, wakakata kulia. Londiani kipimo kikapanda kikawa nusu kikombe, na Felix, akila mayai ya kuchemsha, akatoa mafunzo zaidi: usipumue kwa pua, fikiria kitu kizuri, fikiria harusi. Joash akafikiria harusi, akaona keki, akaona mursik ikimwagwa juu ya keki, na ile aliyomeza ikarudi mpaka kooni, akaisukuma chini tena. Ilikuwa mbaya mara mbili kwa sababu sasa ilikuwa imepita mara mbili. Felix alimpigia makofi, akajipigia pia kifuani, akasema yeye hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda mdomoni, na kwamba aliwahi kula nyama iliyokuwa imekataliwa na mbwa.

Kosa la Joash lilikuwa usafi. Hakutaka harufu ile imfuate, kwa hivyo baada ya Londiani aliichukua chupa, akaikaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akaizungushia karatasi, akaiweka ndani ya begi, na begi akalikumbatia. Mtoto yeyote wa Plateau angemwambia kuwa mursik ni kitu hai na huwezi kukinyima pumzi, hasa ukikitikisa juu ya mashimo. Kericho, mvua ikianza kudondoka, Felix alisema sasa ni kikombe kizima. Joash akashika chupa, akafungua.

Ililia kama tairi lililopasuka. Watu waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibaraza walilala chini. Mursik ilipanda, ikaona shati jeupe, ikashuka. Joash akabaki amesimama na vipunje vya mkaa kwenye nyusi, matone ya kijivu yakitembea kutoka ukosi mpaka mshipi, na hakuwa na shati lingine. Felix alicheka mpaka akakaa kwenye matope, akiwa na lile jaketi, ambalo halikuonyesha tofauti.

Wakapanda pikipiki tena. Joash alikuwa akijinusa. Mtu aliyeishi kwa kukunjia wengine uso sasa alikuwa ndiye nguo yenyewe, na alijua fika uso ambao yeye angempa mteja kama huyo.

Pua yake ndiyo iliyofika kwanza. Kabla ya lango la boma, katikati ya mashamba ya chai, ilinusa kitu ambacho hakikuwa na haki ya kuwa pale: samaki, na wa juzi. Akadhani ni akili imeruka kwa sababu ya mursik. Lakini Chelangat alikuja kuwapokea mbio, akaliona shati, akafumba mdomo, kisha akamvuta kando.

"Joash, nisikize. Hutapewa mursik leo. Gogo alisema watu wa ziwa hawashibi bila samaki, akamtuma uncle Paul mpaka Kericho siku ya Alhamisi. Amepika mwenyewe. Amekataa tumsaidie."

Nyuma ya nyumba, mbali na zizi ili ng'ombe wasisikie harufu, meko ya mawe yalikuwa bado yanatoa moshi. Gogo alikuwa ameketi barazani, kanga ameifunga puani kama daktari wa upasuaji. Kwa watu wa umri wake na wa kabila lake, samaki ni nyoka tu aliyekosa ardhi. Hata hivyo mikono yake ilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameisugua na kuisugua, na bado alikuwa ameishika mbali na nguo zake.

Sufuria ikaletwa. Ilikuwa mpya, imenunuliwa kwa kazi hiyo moja, baadaye itupwe. Stika ya dukani ilikuwa bado ipo ubavuni, imekauka ikawa kama chapati. Ndani alikuwemo ngege mzima, jinsi alivyotoka majini. Magamba yote. Matumbo yote. Alikuwa amechemshwa kwa maziwa na sukuma wiki, na jicho lake moja lilikuwa limevimba likimtazama Joash kwa masikitiko, kama shemeji.

Gogo akasogeza kiti karibu. Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, macho yakitua juu ya uso wa Joash na kukaa hapo. Akasema maneno machache, na Chelangat akatafsiri akiangalia chini.

"Anasema, mimi nimemgusa huyu nyoka wako kwa mkono wangu. Wewe kula tu."

Joash akamega. Magamba yalishika ulimi kama kucha zilizokatwa. Maziwa yalikuwa yamegandamana kwenye mapezi. Kisha, ndani kabisa, nyongo ikapasuka, na uchungu ukaenea hadi nyuma ya masikio. Kila kitu mwilini mwake kilisimama kuelekea mlangoni. Lakini mafunzo yalikuwa yameingia. Usipumue kwa pua. Hakufikiria harusi safari hii. Alitazama ile mikono yenye majivu, ambayo huenda wiki nzima mwenyewe angeogopa kuipikia ugali. Akatafuna. Uso akaushika wote, tuli, kama pasi juu ya hariri.

Akameza, akamega tena, akameza. Halafu akasema neno ambalo mwenyewe hakulitarajia.

"Mwambie naomba mursik."

Chelangat akageuka taratibu. Gogo, hata bila tafsiri, alikuwa amelisikia jina. Kanga ikashuka puani. Kibuyu kikaja, na Joash akamiminiwa, akanywa kama mtu aliyetoka jangwani, kikombe chote, pamoja na vipunje. Ilikuwa mbaya vilevile kama Timboroa. Lakini ulikuwa ubaya anaoujua, na ulipita juu ya nyongo kama maji ya mwisho ya kusuuza.

Gogo akaangua kicheko, meno yote manne, akageukia sahani ya mgeni wa pili.

Felix alikuwa amepewa kichwa, kwa heshima. Alikuwa bado hajakigusa. Alitia kipande cha shavu mdomoni, akakaa nacho, macho yakajaa maji, akainuka bila kuaga. Nyuma ya ghala walimsikia akirudisha mutura ya Timboroa, mayai ya Londiani na kila kitu kilichokuwa kimelala humo tangu azaliwe. Gogo aliuliza kama huyo Mnandi wao ni mgonjwa.

Chai ikaletwa. Ilikuwa na tangawizi, na kikombe cha Joash kilijazwa mara ya pili bila kuomba. Gogo akasema wazee wa Ugenya wasichelewe sana, njia ya kuja Joash ameshaijua.

Jua likielekea kushuka wakaaga. Gogo hakutaka nyoka alale kwake, na hakutaka sufuria. Mabaki yote, kichwa pia, yakarudishwa humo, akaifunga vizuri kwa leso, akamkabidhi mwenye pikipiki, ikafungwa kwenye keria kwa mpira, ikitoa mvuke kidogo. Joash akapanda, akavaa helmeti ya supu, akashika kiuno cha lile jaketi. Kila waliporuka shimo, mchuzi ulizidi kutafuta njia kwenye mgongo wake.

Kericho akamgonga Felix begani asimame.

"Ya nini?" Felix akauliza, bila kugeuka.

Joash alikuwa tayari anafungua leso. "Tumbo ni akili, buda. Anza na jicho."