Sauti ya Komba Mkata Tiketi

Zamani sauti isiyo na uso ilitoka ndani ya kinyago, siku chache kwa mwaka, nasi tumesimama mbali kwa adabu. Siku hizi inatoka ukutani kila jioni saa kumi na moja, na watoto wa Chilangala wanaisikiliza huku wananyonya barafu za ukwaju.

Sisemi hivi kwa kuzichukia katuni. Nazipenda, na hiyo ndiyo aibu yangu ya uzeeni. Binti yangu Furaha, anayeuza nguo Masasi, aliniletea televisheni na dishi ili nisikilize taarifa ya habari. Habari nimeshaziacha, kila siku ni uongo uleule umevaa tai nyingine. Nilibaki na katuni moja ya wanyama wanaoishi kwenye stesheni isiyofika treni. Michoro yake ya ovyo, ila sauti zake ni jambo lingine. Kobe bibi, mbuzi polisi na kinda la kanga ni mwanamke mmoja. Anabadili koo lakini pumzi hawezi kuibadili. Kila baada ya maneno sita au saba anavuta hewa kwa pua. Anayemsemea simba ni mvivu, anadhani ukubwa ni kelele. Lakini komba, yule mkata tiketi, alikuwa fundi. Alisema taratibu, kama mtu anayekupa siri huku amekupa mgongo, na kabla ya kucheka aligonga ulimi mara moja kwenye kaakaa.

Hamida aliisikia sauti hiyo siku aliyoniletea kisamvu. Hamida ni mdogo wa marehemu mke wangu. Mumewe alimwacha angali kijana, naye Hamida akalima mikorosho yake peke yake, akamlea mtoto mmoja tu, Nurdini. Miaka minne nyuma Nurdini aligombana na wajomba zake juu ya shamba, akamwambia mama yake, "Nitarudi nikiwa mtu," akapanda basi la Dar es Salaam. Simu yake ikawa haipatikani.

Siku hiyo komba alisema, "Tiketi zipo, treni ndiyo hakuna." Hamida alikaa sakafuni bila kupangusa miguu. Hakunisalimu, yeye asiyepita mlangoni kwangu bila shikamoo. Alipoondoka hakuchukua bakuli.

Akawa anakuja kila jioni. Ilikuwa msimu wa korosho, na zake zilikuwa zinalala chini ya miti. Yuster, jirani yetu, akamchokoza kibarazani kwangu:

"Mama Nurdini, korosho zako zitaota miguu zije zenyewe. Au Baba Furaha anakuposa?"

"Huyu? Meno yenyewe amebakiza manne."

"Manne yanatosha kung'ata."

"Mpeleke kwako basi akakung'ate."

Walicheka, lakini komba alipoanza kusema Hamida aliegemea mbele kama mtu anayeota moto. Nilimtazama yeye, nikamsikiliza komba, na ule mlio wa ulimi kabla ya kicheko ukanirudia. Niliwahi kuusikia chini ya dirisha langu miaka mingi, Nurdini akiwachekesha wenzake. Yuster alipoondoka nikasema:

"Shemeji, yule komba ni—"

Alinifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha baridi, na sisi tulikuwa Oktoba, jua la kuchoma.

"Usimtaje," akasema. "Yumo ndani. Aliye ndani hatajwi."

Hapo nikaelewa. Inanibidi nieleze, na ninaeleza kwa sababu wa kunikataza wamekwisha. Kwenye midimu, ngoma zetu za vinyago, mwanamke, na mtoto ambaye hajaingia jandoni, hakuruhusiwa kujua kwamba ndani ya kinyago mna mtu. Aliyekuwa akicheza alikuwa mzimu. Ukimtaja kwa jina, umemtoa kwa walio hai. Hamida alipokuwa na miaka tisa alisikia kinyago kikikohoa, akasema mbele ya watu wote, "Mjomba Hamudi huyo." Ngoma ikanyamaza. Kabla mvua hazijaisha tulimzika Hamudi. Hakuna aliyempiga yule mtoto. Walimwangalia tu, na waliendelea kumwangalia mpaka alipoolewa.

Mimi nilikuwa nimeshatoka jandoni wakati huo, na nilijua neno ambalo yeye hakuambiwa. Hamudi alikuwa akitema damu tangu mwaka uliotangulia. Nilimwona kisimani akisuuza kitambaa. Nilikaa na neno hilo zaidi ya miaka hamsini kwa sababu siri ilikuwa siri, na wakati ule siri ilikuwa na thamani kuliko usingizi wa mtoto wa kike. Nawalilia wazee wangu kila siku, lakini hili siwezi kuwatetea.

Nikamwambia jioni ileile. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na wewe ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Basi nyamaza tena."

Lakini mwisho wa kila kipindi palitokea namba ya simu. Nikamweleza Hamida kwamba mtoto wake yuko upande wa pili wa namba ile, na njia ya kumpata ni moja, kumuulizia kwa jina. Alikataa wiki nzima. Siku ya Jumatano alikuja mchana, akakaa mkekani, akasema, "Nimechoka kumsikia bila kumwona. Piga. Lakini mdomo uwe wako."

Nilipiga. Msichana mwenye sauti ya kuvutia aliitika.

"Namtafuta mtu anayesema ndani ya komba," nikasema.

"Mzee wangu, majina ya wanaotia sauti hatutoi."

"Sikuombi. Nitakupa mimi."

Hamida aliuma pindo la kanga. Nikalisema jina la Nurdini lote, la baba yake na la kijiji chake. Upande wa pili nikasikia feni ikizunguka.

"Umemjuaje?" akauliza msichana, kwa sauti ya chini. Simu ikakatika.

Siku ya tisa baada ya simu, komba alifungua mdomo ule ule, chini ya kofia ile ile, akasema kwa sauti ya mtu mwingine. Watoto hawakugutuka, waliendelea na barafu zao. Hamida aliinuka, akaizunguka televisheni, akatazama nyuma yake, kwenye nyaya na vumbi, kisha akatoka bila kunitazama. Siku tatu hakutoka ndani. Alikuwa ameanza kumlilia mwanawe kama aliyekufa.

Wiki chache baadaye Nurdini akaja. Alishuka Newala kwa basi la asubuhi, mzima, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, shingoni amefunga skafu. Mama yake alimkimbilia, akamshika mashavu, akamwambia, "Niitike." Nurdini akaitoa skafu. Katikati ya koo palikuwa na tundu, na ndani yake pumzi ilipiga mluzi.

Alikuwa na daftari. Akaandika kwamba uvimbe ulimwota kooni tangu mwaka jana, na kwamba mwanzo alingoja awe mtu, halafu hakupiga simu kwa sababu hakutaka mama aisikie sauti ikichakaa. Hospitali kubwa walimkata, wakauondoa pamoja na sauti. Nikamwuliza, lini. Akaandika, Alhamisi, na tarehe yake. Ilikuwa siku moja baada ya simu yangu.

Uvimbe wa mwaka mzima hausubiri jina. Nimelirudia hili kwa Hamida, nimelirudia peke yangu shambani kwa sauti. Yeye hakunilaumu hata kwa neno. Alisema tu kwamba sasa anajua mwanawe aliko.

Maana katuni za zamani, zenye sauti ya Nurdini, zilirudiwa kila Jumamosi asubuhi. Baada ya mavuno Hamida aliuza shamba akahamia Chiwata kwa jamaa zake pamoja na Nurdini, na nasikia wamenunua televisheni kubwa kuliko yangu. Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumamosi kabla ya safari hiyo. Walikuja mapema, wakakaa mkekani bega kwa bega. Komba akatokea, na sauti ilikuwa ile ya kwanza. Hamida aliitazama televisheni, hakumtazama kijana.

"Umelala salama, mwanangu?"

Alingoja. Komba akasema, "Usiku mrefu, lakini nimefika." Pembeni yake Nurdini alichezesha midomo, neno kwa neno, bila kukosea, na tundu lake likapiga mluzi.

"Utakula muhogo au wali?"

Komba akacheka. Nurdini akafungua mdomo wa kicheko kwa wakati wake. Hamida naye akacheka, akampakulia wali.

Sikuvumilia. Niliinuka nikaizima.

"Shemeji," Hamida akasema kwa upole, "mbona unamnyamazisha mtoto?"

Nilimtazama Nurdini, nikitumaini atanishukuru. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekatizwa. Akasimama, akaiwasha, akarudi kukaa karibu na mama yake. Akafungua mdomo, wakaendelea na mazungumzo yao.