Binti Yangu Alicheka Mbele ya Jeneza la Bibi Yake

Admin, nifichie jina, kwa maana ukoo wa mume wangu wote wako humu. Nina miaka thelathini na sita, naishi Butembo, nauza maharage sokoni. Kifungua mimba wangu nitamwita Masika. Kwetu kila nyumba ina Masika wake, hawatajua ni yupi. Ana miaka kumi na minne, lakini akili yake ni ya mtoto mdogo na maneno yake ni machache.

Mama mkwe wangu amefariki juzijuzi. Ndiye aliyekuwa akibaki na Masika mimi nikiwa sokoni. Walichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja, wakalala kitanda kimoja. Kabla ya misa tulipita mmoja mmoja kumuaga. Masika alipofika kwenye jeneza akaangua kicheko, kicheko kikubwa kisichokatika. Watu waliacha kulia wakamtazama. Wifi yangu anayeishi Beni akamvuta nje, akanigeukia mbele ya wote.

"Mutoto gani anachekaka maiti? Ni ye aliloga mama! Weye unamufichaka tu."

Jamani, nimemzaa mimi, namjua. Masika akiogopa au akiumia, anacheka. Mafuta ya mandazi yalipomuunguza mguu alicheka huku machozi yakimtoka. Risasi zilipolia mtaani alicheka chini ya kitanda hadi akatapika. Nimewaeleza mpaka sauti imenikauka. Tangu mazishi anamwekea bibi yake sahani kila jioni, naye mwenyewe hali. Hayo hawayaoni. Wao waliona meno tu.

Sasa wifi amepata chumba cha maombi huko Beni. Nasikia watoto wanaoitwa wachawi hufungiwa humo bila chakula, huchapwa mpaka wakiri. Na Masika wangu, ukimuuliza lolote, anajibu "ndiyo". Mnaelewa ninachokiogopa?

Nilimlilia mume wangu. Hakuniangalia hata usoni.

"Mama Masika, nimechoka na maneno ya bantu. Siku ya posho ataenda. Kama unakatala, donc toka na ye, mais batoto bengine banabakia hapa."

Siku ya posho kwetu ndiyo Jumamosi, na ni Jumamosi hii. Nikitoroka naye nawaacha wadogo zake watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Nikibaki, nitakuwa nimemkabidhi kwa mikono yangu mwenyewe. Nimekwama, usingizi umenikimbia, hata maharage napima vibaya wateja wananigombeza.

Kibaya zaidi, wifi amempigia Masika simu akamdanganya kwamba Beni atamkuta koko, yaani bibi yake. Tangu hapo Masika akiamka anavaa viatu, anakaa mlangoni na kuniuliza, "Mama, gari iko wapi?"

Mwenye matusi apite kando. Wenye watoto kama wangu, nawaomba mnijibu leo, kesho ni mbali. Nifanye nini, na mtoto wangu anaisubiri safari hiyo kwa furaha?